Korona, Mkonge na Mbegu: Historia ya Imani ya Biashara katika Ardhi ya Chanzuru

Msomaji wa visiwani, aliyezoea kuisikia historia ya biashara ikisimuliwa kwa harufu ya karafuu na majina ya majahazi, huenda akauliza: Chanzuru ni wapi, na sisi wa pwani tuna nini huko? Chanzuru ni kata ya wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, jirani na Ilonga, katika tambarare zilizotandazwa chini ya milima ya Usagara. Haina bandari, wala haikujengewa kasri. Lakini katika ardhi ya Kilosa ambayo Chanzuru ni kipande chake, mambo mawili yamekuwa yakivutana kwa zaidi ya karne: imani ya wafanyabiashara, na mashine zilizoletwa ili kuitia nguvu imani hiyo. Mvutano huo si mgeni kwetu. Aliyepanda mkarafuu akangoja miaka sita au zaidi kabla ya kuchuma anajua maana ya kuzika mtaji ardhini na kuomba kwamba, siku ya mavuno, mnunuzi atakuwa bado anaihitaji bidhaa.

Hiyo ndiyo imani ya biashara inayokusudiwa katika makala haya. Mtu anaweza kuwa na matumaini ya kubahatisha, au uchangamfu wa siku ya soko tu, lakini imani hii ni kukubali kutumia leo kwa ajili ya kesho isiyoonekana. Mashine huifanya kesho hiyo ionekane karibu. Mtu akiiona mashine imesimama, imefungwa kwa misumari mikubwa katika sakafu ya saruji, hudhani kwamba na faida nayo imefungwa papo hapo. Historia ya Kilosa inatufunza kwamba hapa ndipo wengi walipokosea hesabu.

Tuanze na kamba, maana kamba ndiyo iliyokuja kuitawala nchi ile. Watu wa pwani hawakungoja mgeni awafundishe nyuzi. Makumbi ya nazi yalifukiwa katika matope ya ufukweni mpaka yakalainika, yakafukuliwa, yakapigwapigwa, yakatoka usumba. Usumba ukasokotwa kuwa kamba. Kwa kamba hizo mitepe ilishonwa mbao kwa mbao pasi na msumari, na habari za vyombo vya kushonwa katika pwani hii zimeandikwa tangu karne ya kwanza na yule baharia wa Kiyunani aliyeutaja mji wa Rhapta. Bara nako kulikuwa na mmea wa mwituni wenye majani marefu na nyuzi ngumu, ambao wenyeji waliuita mkonge. Jina hilo tulitunze, maana baadaye lilichukuliwa likavishwa mmea mwingine uliotoka ng'ambo ya bahari mbili, na leo wachache wanakumbuka kwamba mwenye jina alikuwa mwenyeji.

Njia ya kwenda Kilosa pia ilikuwa njia ya pwani. Misafara iliyoanzia Bagamoyo na Saadani ilipita Usagara ikielekea Ugogo na Unyamwezi. Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters alipita huku na huko katika Uzigua, Nguu, Usagara na Ukami akiandikisha mikataba, na mwaka uliofuata Ujerumani ikatangaza kuzilinda nchi hizo. Sayyid Barghash wa Zanzibar alipinga, akasema nchi hizo ni zake. Manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya mji, naye akalazimika kunyamaza. Basi Usagara ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo kabisa za bara kutoka mikononi mwa himaya ya kisiwani na kuingia katika himaya ya viwanda. Tofauti ya himaya hizo mbili ilikuwa kubwa. Ya kwanza ilitaka bidhaa ipite. Ya pili ilitaka bidhaa ioteshwe, na ioteshwe kwa kadiri ya mahitaji ya mashine za Ulaya.

Bidhaa ya kwanza iliyotakwa ni pamba. Wenye viwanda vya nguo vya Ujerumani walichoka kuitegemea pamba ya Marekani, wakaona kwamba koloni litawapa yao. Kilimo cha pamba cha kulazimishwa kilikuwa miongoni mwa sababu zilizochochea Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, na moto wa vita hivyo ulifika hata nchi ya Kilosa. Vita vilipozimwa, reli ya kati ilikuwa njiani. Ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Reli ndiyo iliyowapa wenye mitaji ujasiri. Mwenye viwanda vya nguo mmoja kutoka Württemberg, Otto, alifungua shamba kubwa la pamba Kilosa, na katika shamba hilo yakaletwa majembe ya mvuke, mashine nzito zilizokusudiwa kulima ardhi pana kwa mikono michache.

Hebu tufikiri, ndugu msomaji, maana ya jembe la mvuke katika nchi iliyotoka vitani juzi. Kwa mwenye shamba lilikuwa jawabu la taabu ya wafanyakazi: watu hawakutaka kuyaacha mashamba yao wenyewe kwenda kulima pamba ya mtu mwingine. Lakini jembe la mvuke hulima tu. Halipalilii, haliui wadudu, halichumi. Pamba ikishapandwa huhitaji vidole vya watu wakati ule ule watu wanapohitajika katika mahindi na mtama wao. Mashine ilikuwa imetatua nusu moja ya taabu na kuiongeza nusu ya pili, maana eneo lililolimwa lilikuwa kubwa zaidi na mikono ya kulichuma ilibaki ile ile. Mvua nazo hazikufuata kalenda ya kiwanda. Hata kabla ya vita vya 1914 kuyavuruga yote, ilikwisha kuonekana kwamba pamba ya mashamba makubwa haikuwa ile dhahabu nyeupe iliyoahidiwa.

Mmea uliokuja kuushinda udongo ule ulikuwa mkaidi zaidi kuliko pamba. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya katani kutoka Florida. Asili ya mmea ni Meksiko, ambako wenye mali hawakupenda kuona mbegu yao inakwenda kwa washindani. Miche ilipitia Hamburg, ikateseka safarini, na iliyofika hai Pwani ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ng'ambo ya mkondo kutoka kisiwa cha Unguja. Kutokana na miche hiyo 62 yalizaliwa mashamba yaliyoifunika Tanga, kisha yakafuata reli hadi Morogoro, Kimamba na Kilosa. Watu wakauita mmea huo mkonge, na uzi wake wakauita katani, neno lililotoka katika Kiarabu, ambako ni jina la kitani. Hivyo mgeni mmoja akapewa jina la kibara na uzi wake jina la kiarabu, akawa Mswahili kamili.

Mkonge ni mmea wa imani hata kwa maumbile yake. Hupandwa leo, na jani la kwanza halikatwi mpaka upite muda wa miaka miwili au mitatu. Huendelea kukatwa kwa miaka saba au zaidi, kisha hutoa mlingoti mrefu, huchanua mara moja na kufa. Katika uzito wa jani bichi, uzi ni takriban sehemu nne katika mia. Zilizobaki ni maji na chicha. Jani likishakatwa halingoji: lisiposindikwa ndani ya siku moja au mbili, nyuzi huharibika. Kwa hiyo haiwezekani kulibeba kulipeleka mbali. Kiwanda lazima kiwe katikati ya shamba, maji mengi yapatikane, na vijireli vya toroli vitandazwe kutoka kila pembe. Mkonge, tofauti na karafuu inayoanikwa juu ya jamvi uani, hauwezi kuwa zao la biashara kubwa pasipo mashine.

Mashine hiyo watu waliiita korona. Corona lilikuwa jina la mtambo wa Kijerumani wa kusaga majani na kutenga nyuzi, lakini katika vinywa vya wafanyakazi jina la mtambo likawa jina la kiwanda kizima, likawa hata jina la mahali. Mtu alisema anakwenda korona kama mwingine asemavyo anakwenda bandarini. Mkanda ulibeba majani ukayaingiza baina ya magurudumu yenye visu butu, maji yakamwagika, chicha ikaporomoka chini, nyuzi zikatoka upande wa pili, mbichi na za kijani kibichi cheupe. Zikatandazwa juu ya waya kwenye jua, zikachanwa kwa brashi, zikafungwa marobota, zikapakiwa katika behewa.

Lakini korona haikuwa mashine ya kwanza katika kisa hiki. Ilikuwa ya pili. Mashine ya kwanza ilikuwa katika mashamba ya ngano ya Marekani. Mwaka 1878 John Appleby wa Wisconsin alifanikiwa kutengeneza kifundo cha mashine, kifaa kilichoweza kuyafunga masuke yaliyokatwa kwa uzi, fungu kwa fungu, bila ya mkono wa mtu. Tangu hapo kila msimu wa mavuno uliteketeza nyuzi ngumu kwa maelfu ya tani, na kila mkulima wa ngano akawa mteja wa katani bila ya kujua inatoka wapi. Hapa ndipo penye siri ya biashara ya Kilosa. Mwenye shamba wa Kimamba aliamini kwamba utajiri wake unatokana na ardhi yake, mvua yake na korona yake. Kwa hakika ulitokana na kifundo kilichofungwa na mashine katika nchi ambayo hajapata kuiona. Siku kifundo hicho kitakapobadilika, ardhi, mvua na korona vitabaki pale pale, na mali itaondoka.

Baada ya Vita vya Kwanza mali za Wajerumani ziliuzwa, na mashamba ya Kilosa yakashikwa na Wagiriki, Wahindi na Waingereza. Waliofanya kazi walitoka mbali: Wanyamwezi, Waha, Wabena, watu wa Msumbiji na Ruanda-Urundi. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na namba yake. Hapana neno la Kiswahili cha karne ya ishirini linalosema mengi kwa herufi chache kama hilo. Mtu aliyekuwa na ukoo, mtani, jina la babu na jina la jando, alipofika shambani alihesabiwa. Alipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na kazi yenyewe ilipimwa kwa mafungu ya majani 30. Mwaka 1944 chama cha wenye mashamba ya mkonge kilianzisha ofisi maalumu ya kuandikisha na kusafirisha wafanyakazi, nayo ikajulikana kwa jina la SILABU. Teknolojia, basi, haikuwa korona peke yake. Kipande nacho kilikuwa chombo, na namba ilikuwa chombo, na treni iliyowaleta watu kutoka Kigoma ilikuwa chombo. Vyombo hivyo vilishikamana kama nyuzi za kamba moja.

Kamba hiyo ilivuta mizigo mikubwa. Katika Vita vya Pili, Ufilipino na Java, waliokuwa wauzaji wakubwa wa nyuzi ngumu, waliangukia mikononi mwa Wajapani, na dunia ya Waingereza na Wamarekani ikaigeukia Afrika Mashariki. Vikafuata vita vya Korea, bei ikapaa. Mwaka 1951 katani peke yake ilikuwa zaidi ya nusu ya thamani ya bidhaa zote zilizouzwa nje na Tanganyika. Zaidi ya watu 100,000 walifanya kazi katika mashamba ya mkonge. Wataalamu wa utafiti wa Amani na Mlingano wakazalisha mkonge chotara, namba 11648, wenye majani mengi kuliko ule wa Hindorf. Mwaka 1964 mavuno yalifika takriban tani 230,000, na nchi haikupata kuwa na mfano wake katika dunia.

Imani ikapanda pamoja na bei. Lakini katika miaka hiyo hiyo ya neema, mashine mbili nyingine zilikuwa zikifanya kazi yake kimya kimya. Ya kwanza ni ile inayovuna ngano na kuipura papo hapo shambani, ambayo haina haja ya kufunga masuke, kwa hiyo haina haja ya uzi; katani ikabaki kufungia majani makavu ya mifugo. Ya pili ilitoka maabara: mwaka 1954 Giulio Natta wa Italia alifanikiwa kupata polipropilini, mwana wa mafuta ya petroli, na miaka michache baadaye viwanda vikaanza kutoa kamba za plastiki, nyepesi, zisizooza, za bei nafuu. Bei ya katani ikaporomoka tangu 1964 na 1965. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ikachukua sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge. Likaundwa shirika la umma, kisha mwaka 1973 likafuatwa na Mamlaka ya Mkonge. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990, nchi iliyotoa tani 230,000 ilikuwa ikitoa kiasi cha tani 20,000. Mashamba ya mashirika yakauzwa kwa watu binafsi.

Wapo wasemao kwamba Azimio ndilo lililoua katani, na wapo wasemao plastiki. Wote wana ushahidi, lakini tarehe ni mashahidi wazuri kuliko hasira: bei ilikwisha kuanguka kabla ya kutaifishwa. Kwa upande mwingine, plastiki haikuwazuia Wabrazili kuendelea kulima mkonge na kuipita Tanzania. Ukweli ni kwamba pigo la kwanza lilitoka nje, na uponyaji uliharibikia ndani. Mashamba yalikuwa yamezeeka, korona zilikuwa chakavu, vipuri vilihitaji fedha za kigeni zilizokuwa zikitokana na katani yenyewe, na waliokuwa na madaraka ya kuamua hawakuwa wale waliojua sauti ya mashine inapokaribia kuvunjika. Wahenga walisema mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Hapa daftari lilikuwapo; walioliandika hawakuwa wakilisoma pamoja na waliokata majani.

Wala mkonge haukuwa mfano pekee. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga huko Kongwa, magharibi ya Kilosa, na mashine zake nyingi zilipita katika reli hii hii ya kati. Waliazimia kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Yakaletwa matrekta yaliyotumika vitani, hata vifaru vikageuzwa kuwa mashine za kung'olea visiki. Udongo ukaliwa na jua ukawa mgumu kama tofali, visu vikavunjika, mvua ikakosekana, na mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya kula pauni milioni 36. Miongo mitatu baadaye, mjini Morogoro, kikajengwa kiwanda cha viatu kwa mkopo wa Benki ya Dunia, chenye uwezo wa jozi milioni nne kwa mwaka, nyingi zikikusudiwa kwenda Ulaya. Kuta zake zilikuwa za bati lisilofaa kwa joto letu, na hakikupata kutumia hata sehemu tano katika mia ya uwezo wake. Kilifungwa mwaka 1990. Waingereza wa ukoloni na wataalamu wa maendeleo, waliopishana kwa itikadi, walikutana katika dhana moja: kwamba ukubwa wa mashine ni dhamana ya ukubwa wa faida.

Sasa na turudi Chanzuru, maana jirani yake kuna habari ya aina nyingine. Ilonga pana kituo cha utafiti wa kilimo tangu zama za Waingereza. Kilianza kwa pamba ya kanda ya mashariki, kisha kikawa makao ya utafiti wa mahindi wa taifa. Hakuna aliyepata kwenda Ilonga kushangaa gurudumu. Kazi yake ni mtu kuinama juu ya safu za mimea, kufunika suke kwa mfuko wa karatasi, kuandika, kungoja, na kurudia tena msimu ujao. Mwaka 1983 zikatolewa aina za mahindi zilizopewa majina mazuri: Kito, Kilima na Staha. Mpenzi wa shairi hataacha kuyatazama majina haya mara mbili. Wakati mfanyakazi wa mkonge aliitwa kwa namba, na mkonge bora nao uliitwa kwa namba 11648, mbegu ya Ilonga iliitwa kito, kitu cha thamani. Na nyingine ikaitwa staha, yaani heshima. Aliyetoa majina hayo alikuwa akizungumza na mkulima.

Kito hukomaa mapema, ndani ya siku 90 hivi, nayo inafaa mahali ambapo mvua ni fupi. Staha hustahimili ugonjwa wa michirizi unaoyageuza majani ya mahindi kuwa ya manjano. Tena mbegu hizi si za chotara. Mkulima huweza kuchagua masuke mazuri ya mavuno yake akayahifadhi kwa kupanda, na zao lisigeuke kwa ghafla. Hapo ndipo penye tofauti yao na korona. Korona ni teknolojia ambayo mkulima mdogo hawezi kuimiliki wala kuibeba. Lazima aifuate ilipo na kukubali masharti ya mwenyewe. Mbegu ni teknolojia inayoingia katika kibuyu. Faida yake haionekani katika takwimu za bandari, kwa sababu sehemu kubwa huliwa nyumbani na kuuzwa katika gulio. Lakini mtu aliye na akiba ya chakula ndiye anayethubutu kufungua duka, kununua baiskeli, au kupanda zao la kuuza. Imani ya biashara ya wanyonge huanzia ghalani.

Sisi wa visiwani hatuna haki ya kuyasoma haya kama kisa cha watu wa mbali. Karafuu zetu zilipatwa na lililoipata katani. Kimbunga cha 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja, nayo ikapandwa upya, maana mnunuzi alikuwapo bado. Pigo kubwa zaidi lilikuja katika miaka ya 1980 pasipo upepo: Indonesia, iliyokuwa ikinunua karafuu zetu kwa ajili ya sigara zake za kreteki, ilikuwa imepanda mikarafuu yake ikajitosheleza. Kimbunga huangusha mti, na mnunuzi akiondoka huiangusha sababu ya kuupanda. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini mhunzi asiyejua jembe lake linanunuliwa na nani, na kwa nini, hafaidiki na koleo jipya.

Jambo hili si la vitabuni tu, maana mashamba makubwa yalipokufa hayakuacha uwazi mtupu. Yaliacha hati. Wilayani Kilosa eneo kubwa la ardhi nzuri lilibaki ndani ya mipaka ya mashamba yaliyotelekezwa, mkonge ukiwa umegeuka pori, ilhali wakulima wakiongezeka na wafugaji wakiingia kutafuta malisho. Mwezi wa Desemba 2000, Rudewa, katika wilaya hii hii, watu 38 waliuawa katika mapambano baina ya wafugaji na wakulima. Sababu za maafa yale ni nyingi, wala haifai kuzibebesha zote juu ya mmea mmoja. Lakini haiwezekani kuyaeleza bila ya kuuliza ardhi ilikuwa kwa nani. Katika miaka ya 2010 hati za baadhi ya mashamba wilayani zilifutwa ili ardhi igawiwe. Hivyo basi, mashine iliyonyamaza miaka mingi iliyopita bado inaamua nani apande nini, na wapi.

Na imani mpya imekwisha kuja. Reli ya zamani ilikatwa na mafuriko ya Mkondoa mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, treni zikasimama kwa miezi. Leo reli ya kisasa ya umeme imepenya katika mahandaki yaliyochimbwa katika milima ya Kilosa, na tangu katikati ya mwaka 2024 abiria hutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa saa chache. Simu ya mkononi inampa mkulima bei ya mahindi kabla dalali hajafika, na fedha hupita katika simu hiyo hiyo. Dunia nayo, iliyoipenda plastiki, sasa inaiogopa, na katani inatafutwa tena kwa mazulia, karatasi, na hata kuimarisha vifaa vya ujenzi. Kule Hale, mkoani Tanga, katika miaka ya 2000, ilithibitika kwamba chicha iliyokuwa ikitupwa mitoni inaweza kutoa gesi na umeme. Zile sehemu 96 za jani zilizokuwa uchafu kwa karne nzima zimeanza kuitwa mali.

Haya ni mema, na anayeyabeza hajafikiri. Mavuno ya katani yameanza kupanda tena, ingawa hayajafika hata nusu ya yale ya 1964. Wakulima wadogo wa Korogwe wameingia katika mkonge kwa vyama vyao vya ushirika, jambo ambalo manamba wa 1950 asingeliota. Lakini kila mkulima mdogo wa mkonge hukutana na swali lile lile lililozaliwa pamoja na zao lenyewe: korona ni ya nani? Jani halingoji zaidi ya siku mbili. Mwenye korona akichelewa, au akipandisha ada, mwenye jani hana pa kwenda, hata akiwa na hati ya shamba mfukoni na bei ya London katika simu yake.

Kwa hiyo historia ya nchi hii inatuachia maswali matatu ya kuulizwa kila mashine mpya inapopokewa kwa ngoma na hotuba. Je, aliye mbali anainunua bidhaa hii kwa haja gani, na ni kitu gani kinachoweza kuiondoa haja hiyo? Je, chombo hiki kikiharibika, mwenye kukitegemea anaweza kukitengeneza, kukibadilisha au kukiacha pasi na kufa njaa? Na je, anayefanya kazi ameandikwa katika daftari kwa jina au kwa namba? Jembe la mvuke la Otto halikuulizwa maswali haya, wala karanga za Kongwa, wala viatu vya Morogoro. Korona iliulizwa ikiwa imekwisha kuchelewa.

Papo kwa papo kamba hukata jiwe, nasi tumekuwa tukiisifu kamba kwa methali hiyo bila ya kuuliza nani aliyeisokota. Katika tambarare za Kilosa jibu ni watu waliohesabiwa, kisha wakasahauliwa, na wajukuu wao ndio wanaolima sasa baina ya mkonge wa pori na reli mpya. Imani yao haitajengwa na treni inayopita kwa kasi mbele ya dirisha. Itajengwa siku watakapokuwa na sauti katika korona kama waliyo nayo katika kuchagua mbegu ya kuweka ndani ya kibuyu.